Kufunga springi fupi kwenye hachibaki nyumbani: mwongozo kamili

Springi fupi hushusha gari kwa milimita 25 hadi 40, na hachibaki ndogo haihitaji gereji yenye shimo wala lifti ili kufungwa springi hizo. Sakafu ngumu iliyo sawa, stendi nne na vibanio vya springi vinavyoaminika vinatosha. Anayeifanya mara ya kwanza ajitengee siku nzima na asianze saa nane mchana, kwa sababu bolti moja iliyoshikwa na kutu inaweza kula saa mbili peke yake.

Maelezo haya ni ya mpangilio ulio kwenye hachibaki nyingi. Mbele springi imezunguka shokapu na vyote viwili hutoka pamoja. Nyuma kuna bimu moja inayounganisha magurudumu, springi iko peke yake na shokapu iko pembeni. Vitz, Fit, Demio, Swift, Polo na Fiesta ziko hivyo. Golf na Focus nyingi zina mikono kadhaa nyuma badala ya bimu. Kwa hizo sehemu ya mbele itakufaa, ila nyuma fuata kitabu cha gari.

Kabla ya kununua

Springi huuzwa kwa namba ya gari, injini na uzito wa ekseli, si kwa jina la gari tu. Gari lilelile lenye injini ya dizeli huwa zito mbele kuliko la petroli, na springi ya petroli ikiingia humo gari litashuka kupita ulivyotarajia. Kwenye magari ya Ulaya, kibati chenye namba ya chesi huonyesha uzito wa juu wa kila ekseli: mstari unaoanza na 1 ni wa mbele, unaoanza na 2 ni wa nyuma. Linganisha namba hizo na karatasi ya springi kabla ya kulipa.

Kuhusu kiasi cha kushusha, milimita 30 hadi 35 ndicho kipimo ambacho shokapu za kawaida zilizo nzima huvumilia. Ukivuka 40, mambo mawili huharibika kwa pamoja. Shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kuzama kabla ya kugota. Na gari likinyanyuliwa kwa jeki springi inalegea kabisa kwenye sahani yake (kikalio cha chuma kinachoibeba), ikicheza ukiigusa. Springi inayolegea hivyo inaweza kukaa upande siku gurudumu linaponing'inia kwenye shimo. Dawa yake ni shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, na gharama hiyo ihesabiwe mapema.

Shokapu iliyochoka haifai kabisa kwa kazi hii. Springi fupi huwa ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, kwa hiyo inarudi kwa nguvu zaidi baada ya kila tuta na inahitaji shokapu inayoweza kuizuia. Kama unaona mafuta yamelowesha mwili wa shokapu, au gari limekwisha tembea zaidi ya kilomita 100,000 na shokapu zilezile, badilisha vyote mara moja. Kazi ya kufungua ni ileile; kuirudia baada ya miezi mitatu ni kujitesa bure.

Kukata springi za zamani kwa grainda, au kuzipasha moto hadi zilale, ni njia ya mkato ambayo bado ina wapenzi. Ncha ya springi imetengenezwa ifuate umbo la sahani. Ukiikata, pete ya mwisho haikai tena mahali pake, na chuma kilichopashwa moto hupoteza ugumu wake. Hapa hatutaizungumzia zaidi.

Pamoja na springi, kuwa na nati mpya za kujifunga zenyewe (zile zenye plastiki ndani), raba mpya za kugotea (zinazopokea pigo shokapu ikizama hadi mwisho) na vikinga-vumbi vyake. Kwa gari la umri mkubwa ongeza maunti za juu (vishikio vya kichwa cha shokapu kwenye bodi) na beringi zake. Maunti ni kitu cha bei ndogo kilichokaa mahali ambapo hutafika tena bila kufungua kila kitu.

Zana

Jeki ya gereji yenye magurudumu ni bora kuliko ile ya kwenye buti. Stendi nne, kabari za matairi, seti ya soketi kuanzia 10 hadi 22, spana za pete za namba hizohizo, alenkii za 5 hadi 8, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa niutoni mita, Nm) inayofika angalau Nm 150, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, nyundo ya kilo moja, waya mgumu wa kufungia vitu, chaki au kalamu ya rangi, na futi ya chuma. Bomba la chuma la mita moja la kurefusha mkono wa spana litakusaidia zaidi ya zana nyingi za bei kubwa.

Vibanio vya springi ndivyo visivyo na mzaha. Aina ya kawaida ni jozi ya fito zenye ndoano mbili kila moja, ambazo hukazwa kwa bolti ndefu ya katikati. Chagua zenye vipini vya usalama vinavyofunga ndoano zisichomoke kwenye pete. Kagua nyuzi za bolti. Zikiwa zimelika au fito imepinda hata kidogo, azima nyingine. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kuanza.

Siku moja kabla, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote utakazofungua, kisha rudia jioni. Hatua hii huonekana ya kitoto mpaka siku uliyoiruka.

Pima kabla ya kugusa

Weka gari kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo sahihi na buti likiwa tupu. Pima kutoka katikati ya kifuniko cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, na uandike. Usipime kutoka chini, kwa kuwa upepo wa tairi utakudanganya. Namba hizi nne zitakusaidia mara tatu: kujua gari limeshuka kiasi gani, kujua kama kona moja imekaa vibaya, na kukaza bushi za nyuma katika kimo sahihi.

Zipange springi mpya sakafuni kando ya gari. Hakikisha zipi za mbele na zipi za nyuma kwa namba zilizochapwa. Magari mengine yana springi ya kushoto na ya kulia zisizofanana, kwa hiyo soma namba zote nne. Kwa kawaida maandishi yakisomeka sawasawa ndipo springi imesimama upande wake sahihi. Kwenye springi ambayo pete zake zimesongamana upande mmoja na kuachana upande mwingine, ukiifunga kichwa chini miguu juu gari halitakaa kimo chake na huenda ikapiga kelele.

Mbele

Gari likiwa bado chini, legeza nati za magurudumu nusu mzunguko. Fungua boneti, tafuta nati ya katikati ya shokapu juu ya maunti. Mara nyingi ni namba 17 hadi 22 na mhimili (fimbo ya katikati ya shokapu) una tundu la alenkii. Kama huna mashine ya kufungulia nati, huu ndio wakati wa kuivunja ukazo, kwa sababu uzito wa gari unakushikilia kila kitu. Ila ni robo mzunguko tu. Nati hiyo ndiyo inayozuia springi iliyobanwa isiruke. Ikitoka sasa, maunti inaachwa na bodi peke yake.

Weka kabari kwenye matairi ya nyuma, vuta henibreki, nyanyua mbele na ushushe kwenye stendi zilizowekwa sehemu ambazo kitabu cha gari kinaonyesha. Likisukumwa kwa mkono lisitikisike. Toa magurudumu na uyalaze chini ya bodi pande zote mbili. Stendi ikiteleza, gari litaangukia rimu badala ya mtu.

Fanya upande mmoja kwanza hadi umalize, upande wa pili ukibaki mzima kama kielelezo. Piga picha kadhaa kwa simu. Hosi ya breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki) vimeshikwa kwenye shokapu kwa kibano au bolti ndogo ya 10, vitoe kwanza. Waya wa ABS hukatika kimyakimya ndani ya plastiki yake, na taarifa utaipata kwenye dashibodi ukiwa umeshamaliza.

Sasa linki ya stabilaiza, kifimbo kinachounganisha shokapu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Nati yake hupenda kuzunguka pamoja na bolijointi. Shika mhimili kwa alenkii au spana bapa kwa nyuma huku unafungua kwa spana ya pete. Nyuzi zinazoonekana nje zisafishwe kwa brashi kabla, la sivyo nati itapanda kwenye kutu hadi tundu la alenkii liwe duara. Ikifika hapo, kata na uweke linki mpya bila kusononeka.

Inayofuata ni naki, kile chuma kinene kinachobeba beringi ya gurudumu. Kuna namna mbili za kuunganika na shokapu.

Magari mengi ya Japani yana bolti mbili kubwa zinazopita ubavuni. Kabla ya kuzigusa, chora mstari kwa kalamu ya rangi kuzunguka kichwa cha bolti na ukingo wa shokapu unapokutana na naki. Kwenye baadhi ya magari tundu la bolti lina nafasi ya kucheza, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua tairi limelala kiasi gani. Fungua nati, si bolti, kwa sababu bolti nyingine zina meno yanayong'ata chuma. Gonga bolti zitoke huku nati imebaki kwenye nyuzi chache za mwisho, nyuzi zisipondeke.

Kwa Polo, Fiesta na jamii zao, shokapu imezama ndani ya kola ya naki na bolti moja inaibana. Toa bolti, panua mwanya wa kola kwa kifaa chake maalumu, kisha shusha naki kwa kuigonga taratibu kutoka juu. Patasi inaweza kupanua mwanya, lakini ukiigonga kwa hasira kola inapasuka, na naki si kitu cha kuchomelea.

Shokapu ikiachia, naki italalia nje. Ifunge kwa waya mara moja. Ikiachwa inaning'inia inavuta hosi ya breki, na shafti inaweza kuchomoka kwenye jointi yake ya ndani. Hapo utamwaga grisi na kupoteza mchana wote. Shika shokapu kwa mkono mmoja, toa nati tatu za maunti juu ya bodi (au nati moja kubwa, kulingana na gari), na uishushe. Nati ya katikati usiiguse bado.

Kubana springi

Springi yenye ugumu wa niutoni 25 kwa milimita ikibanwa milimita 100 inasukuma kwa niutoni 2,500, sawa na uzito wa kilo 250 hivi. Hiyo ndiyo nguvu iliyoshikwa na ndoano nne unazozitazama. Usiweke uso mbele ya ncha za springi, wala usimwelekezee mtu. Ikiachia, itakwenda upande huo.

Laza shokapu sakafuni au ibane kwenye jiriwa kwa mwili wake wa chini, si kwa mhimili. Chora alama ya chaki inayopita maunti, sahani ya juu, springi na sahani ya chini. Alama hii itakuonyesha namna ya kuvirudisha. Weka vibanio viwili vikitazamana kabisa, kila kimoja kikishika pete nyingi kadiri inavyowezekana. Kaza kwa mkono, mzunguko mmoja au miwili kushoto, kisha kulia, kwa zamu. Mmoja ukitangulia, springi inajikunja kama ndizi na ndoano huanza kuteleza kwenye mzingo wa pete. Ukiona hivyo, rudi nyuma, usilazimishe. Mashine ya umeme haifai hapa: inapasha nyuzi moto, na mkono haupati kuhisi uzito unavyoongezeka.

Utajua umebana vya kutosha springi ikiachana na sahani, hata kwa upana wa karatasi nene, na maunti ikazunguka kwa vidole. Hapo, na si kabla, fungua nati ya katikati huku umeshika mhimili kwa alenkii. Ukiacha mhimili uzunguke kwa kasi ndani ya shokapu, unakwangua sili, na shokapu nzima huanza kulia mafuta baada ya miezi michache.

Panga vipande sakafuni kwa mfuatano vilivyotoka: nati, washa, maunti, beringi, sahani ya juu, raba, springi, kikinga-vumbi, raba ya kugotea. Ukishatoa springi ya zamani, legeza vibanio vyake taratibu kwa zamu ileile. Usiiweke kando ikiwa bado imebanwa ukaenda kunywa chai.

Sukuma mhimili wa shokapu kwa mkono. Ushuke bila mkwaruzo na bila kuachia ghafla katikati. Shokapu ya gesi itapanda yenyewe polepole. Ikibaki chini au ikishuka kama haina kitu ndani, imekwisha. Zungusha beringi ya maunti kwenye vidole. Ukihisi mchanga, ibadilishe.

Raba ya kugotea hukatwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya springi, mara nyingi milimita 20 hadi 40. Kama karatasi haisemi kitu, usikate. Raba hii huwa nyembamba upande mmoja, na upande huo mwembamba ndio unaogusa kwanza na kuanza kuzuia taratibu. Kwa hiyo kata kutoka upande mnene. Wanaokata upande mwembamba hulalamika baadaye kwamba gari linapiga kama nyundo, kisha springi inalaumiwa.

Kukalisha springi mpya

Springi fupi hubanwa kidogo tu, na nyingine huingia bila kubanwa. Safisha sahani ya chini kwa brashi ya waya mpaka uone chuma au rangi, kwa sababu mchanga ulionasa hapo hukwangua rangi ya springi na kutu huanzia hapo, pete ikavunjika baada ya miaka.

Tazama sahani ya chini kwa karibu. Ina mteremko unaopanda taratibu kuzunguka shokapu na kuishia kwenye kigingi kidogo cha chuma. Ncha ya springi lazima iguse kigingi hicho. Ikubaliwe mwanya wa milimita chache, si zaidi. Na isipande juu ya kigingi hata kidogo. Springi iliyokalia kigingi inaonekana sawa ikiwa mezani, lakini mara ya kwanza unapokata kona huteleza na kurudi mahali pake kwa mlio wa "ting" unaosikika hadi ndani. Ncha ya juu nayo ina nafasi yake kwenye raba ya sahani ya juu.

Funga raba, sahani, beringi na maunti kwa kufuata alama ya chaki, weka nati mpya, na uikaze mpaka nyuzi mbili au tatu zionekane juu yake. Legeza vibanio kwa zamu huku ukiangalia ncha zote mbili zisihame. Toki ya nati hii kwa hachibaki nyingi iko kati ya Nm 40 na 70. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari lako, na hiyo ndiyo inayoshinda yoyote unayoisoma mahali pengine.

Rudisha shokapu kwa kuanza na nati za juu zikiwa legelege, kisha naki, kisha linki. Bolti za naki zirudi kwenye mstari uliochora, na hukazwa kwa toki kubwa, mara nyingi zaidi ya Nm 100. Ukazo huo hauna uhusiano na kimo cha gari, kwa hiyo umalize hapohapo. Rudisha hosi na waya wa ABS, kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho ukiangalia hosi haivutwi wala haijazungushwa. Upande wa pili ni uleule, na utachukua nusu ya muda.

Nyuma

Nyuma ni rahisi kwa mikono, na ndiko makosa yaliyojificha yaliko.

Kabari ziende kwenye matairi ya mbele, gia iwe ya kwanza au P, na henibreki iachiwe ili kebo zake zisivutwe bimu ikishuka. Nyanyua, weka stendi chini ya bodi, si chini ya bimu. Toa magurudumu yote mawili. Bimu ni moja, kwa hiyo springi mbili za nyuma hufanywa pamoja.

Weka jeki katikati ya bimu na uipandishe mpaka iguse tu. Toa bolti za chini za shokapu pande zote mbili. Zikigoma kutoka, pandisha au shusha jeki kidogo mpaka uzito uhame kwenye bolti na ichomoke kwa mkono. Angalia hosi za breki, waya za ABS na kebo za henibreki, ukifungua vibano vyovyote vinavyozuia. Sasa shusha jeki taratibu. Karibu mwisho springi zitalegea zenyewe na utazitoa kwa mkono. Zisipolegea, mtu asukume bimu chini kwa upole upande mmoja. Usining'inie juu yake: hosi ya breki ndiyo itakayokuwa kikomo.

Springi za nyuma hukaa kati ya raba mbili, ya juu na ya chini. Hamisha raba hizo kwenye springi mpya na uangalie zisiwe zimelika. Raba iliyopasuka ndiyo chanzo cha mlio wa chuma kwa chuma baada ya wiki mbili. Ncha za springi zina nafasi zake hapa pia. Pandisha jeki, ukiongoza springi kwa mkono hadi iguse juu, kisha ondoa mkono. Rudisha bolti za shokapu, lakini zikaze kwa kushika tu.

Bushi ya bimu, na hata ile ya chini ya shokapu, ni mpira ulioshikana na bomba la chuma ndani yake. Haizungukii kwenye bolti, inajisokota. Kimo ulichokuwa nacho bolti ilipokazwa ndicho mpira unachokiona kuwa mapumziko. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishuka chini mpira unabaki umesokotwa masaa 24, bodi inasukumwa juu kama kwamba kuna springi ya ziada, na baada ya muda mpira unachanika. Hata kama hukugusa bolti za mbele za bimu, ulipolishusha gari milimita 35 umebadilisha mapumziko yao. Kwa hiyo zilegeze mzunguko mmoja na kuzikaza upya katika kimo kipya. Legeza ile inayopita katikati ya bushi tu. Zile zinazoshika mabano kwenye bodi zinaweza kuwa na nafasi ya kucheza, na zikihama bimu nzima inakaa mshazari.

Basi rudisha magurudumu, shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma mita chache na ulikandamize kwenye kona mara kadhaa. Kisha ulipandishe kwa magurudumu yake juu ya mbao nene, ukitia kabari pande zote. Uzito wote ukiwa kwenye matairi, ingia chini na ukaze kwa toki. Njia ya kuharakisha hatua hii kwa kupandisha bimu kwa jeki tu ina kasoro: katika kimo halisi springi inabeba uzito wa kona nzima, na gari linaanza kuachana na stendi.

Baada ya kushuka

Nati za magurudumu hukazwa kwa msalaba. Toyota nyingi hutaka Nm 103, Honda 108, Volkswagen 120. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Pima upya zile kona nne. Tofauti ya milimita tano kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida. Ikiwa 10 au zaidi, fungua kona yenye kasoro, kwa kuwa kuna springi ambayo haijakaa. Gari lenye springi mpya likionekana limebaki juu kidogo, lipe kilomita mia chache, springi hutulia.

Safari ya kwanza iwe ya polepole, kilomita 10 hivi, redio ikiwa imezimwa. Zungusha usukani ukiwa umesimama, pita tuta dogo, funga breki kwa nguvu mahali salama.

Wilu alaimenti (kunyoosha uelekeo wa matairi) si hiari. Gari likishuka, mikono ya usukani haibaki kwenye mstari uleule, na matairi ya mbele huanza kutazamana au kuachana. Ukiliacha hivyo linakwangua tairi upande mmoja kabla ya wewe kuona kwa macho. Fanya ndani ya siku chache. Mlalo wa matairi ya nyuma kwenye bimu mara nyingi haurekebishiki, na kushuka kwa milimita 30 haliufanyi kuwa tatizo. Taa za mbele nazo zikaguliwe, hasa kwenye magari yenye kipima-kimo kilichofungwa kwenye mkono wa gurudumu. Pia ijulishe bima yako na ujue ukaguzi wa gari unasemaje kuhusu kimo, kabla hawajakuuliza wao.

Kelele na maana zake

Mlio wa "ting" wakati wa kukata kona gari likiwa limesimama ni springi iliyokalia kigingi au beringi ya maunti iliyokauka. Weka kiganja kwenye springi, mtu azungushe usukani: ikiruka badala ya kuzunguka taratibu, umepata.

Kugonga kwa haraka kwenye barabara ya mawe madogo mara nyingi ni nati ya katikati ya shokapu au linki ya stabilaiza isiyokazwa. Kugonga kumoja kizito kwenye kila tuta ni shokapu inayogota, yaani raba ya kugotea haijakatwa au gari limeshuka kuliko shokapu inavyoweza.

Tairi likikwangua plastiki ya ndani ya madigadi ukikata kona hadi mwisho, angalia kwanza kama plastiki imerudishwa kwenye vibano vyake vyote; mara nyingi ni hiyo tu. Likikwangua kwa nyuma ukibeba abiria watatu, upana wa tairi au rimu ndio wenye kosa, na springi nyingine haitalitatua.

Taa ya ABS ikiwaka, rudi kwenye gurudumu ulilolifanya mwisho kabisa, pale ulipokuwa umechoka, na ufuate waya kuanzia kwenye beringi hadi kwenye plagi yake.